Maisha ya Marehemu Tom Mboya, na Funzo Lake kwa Sisi Tunaochagua Vyuo

Katika toleo la muhula huu nimependa kuwaleteeni habari za maisha ya mtu maarufu wa Afrika ya Mashariki, marehemu Thomas Joseph Odhiambo Mboya wa Kenya, ambaye wengi humjua kwa jina la Tom Mboya. Watu wengi wamekwisha kuandika habari zake kwa upande wa siasa. Mimi nataka kuzisimulia kwa upande mwingine, yaani upande wa vyuo: vile alivyovichagua mwenyewe alipokuwa kijana, na vile alivyowatafutia vijana wenzake alipokuwa mtu mkubwa.

Sababu ya kufanya hivyo ni hii. Sisi wa Kidato cha Nne tunajaza fomu za kuchagua shule za Kidato cha Tano na vyuo, na bwenini jioni hakuna mazungumzo mengine ila hayo. Aghalabu kila mmoja hutaja chuo chenye jina kubwa, na ni wachache tu wanaotaja chuo kinacholingana na alama zao. Wazazi nao wako mashambani hapa Kintinku na vijiji vya jirani, wakingoja kuambiwa ni fedha kiasi gani zitahitajika. Basi nimeona afadhali tutazame mfano wa mtu aliyepita njia hiyo kabla yetu.

KUZALIWA KWAKE NA SHULE ZA KWANZA

Bwana Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge karibu na Kilima Mbogo, upande wa Thika, katika Kenya. Baba yake, Mzee Leonard Ndiege, alikuwa mfanyakazi katika shamba hilo la mzungu. Kwa asili watu wa nyumba hiyo walikuwa Wajaluo wa kisiwa cha Rusinga, kilichomo katika Ziwa Victoria. Kwa kuwa mtoto huyu alikulia mahali penye wafanyakazi wa makabila mengi, alijifunza kusema Kikamba, Kikikuyu na Kiswahili pamoja na lugha ya wazazi wake, na baadaye Kiingereza. Lugha hizo zilimfaa sana maishani, kama tutakavyoona.

Baba yake hakuwa mtu mwenye fedha, lakini alitaka sana mwanawe asome. Mtoto alipelekwa kwanza katika shule ya misheni ya Kikatoliki ya Kabaa, katika nchi ya Ukambani. Mwaka wa 1942 akahamia shule ya misheni ya Yala, huko Nyanza. Mwaka wa 1946 akaingia shule ya sekondari ya Holy Ghost, Mang'u, ambayo ilikuwa mojawapo ya shule zilizosifiwa sana katika Kenya wakati ule. Hapo alisoma miaka miwili, na mwishoni mwa 1947 akafanya mtihani wa Waafrika wa sekondari.

MLANGO ULIOFUNGWA

Sasa msomaji angedhani kwamba kijana huyu aliendelea moja kwa moja hata akapata cheti cha Cambridge, kisha akaenda Makerere, ambako wakati ule ndiko kulikokuwa chuo kikuu pekee cha nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki. Sivyo ilivyokuwa. Kuendelea kulihitaji miaka miwili zaidi ya ada, na ada hiyo baba yake hakuwa nayo. Walikuwapo wadogo zake waliohitaji kusoma vilevile. Ikiwa fedha yote ingetumika kwa mmoja, wengine wangekaa nyumbani.

Wakati huo Bwana Mboya alikuwa na umri wa miaka 17, sawasawa na umri wangu ninapoandika maneno haya. Naomba wenzangu wafikiri kidogo juu ya hali hiyo. Makerere ilikuwa mbele yake kama mlima unaoonekana lakini hakuna njia ya kuupanda. Angeweza kurudi nyumbani akakaa, akiwalaumu wazazi na serikali. Angeweza pia kumlazimisha baba yake auze alichonacho. Yeye hakufanya lolote katika hayo. Alitazama huku na huku ni chuo gani kingeweza kumpokea kwa elimu aliyokwisha kuipata, bila kumtwisha baba yake mzigo wa ada.

Chuo alichokipata kilikuwa katika shule iliyoitwa Jeanes, huko Kabete, karibu na Nairobi. Hapo palifundishwa kazi ya mabwana afya, yaani watu wanaokagua usafi wa maji, masoko, mabucha, hoteli na nyumba za watu. Wanafunzi hawakudaiwa ada kubwa ya kuwalemea wazazi, na mwisho wa mafunzo kazi ilikuwapo, kwa maana miji ilikuwa inakua na mabwana afya walikuwa wachache. Bwana Mboya aliingia hapo mwaka wa 1948.

Sidhani kwamba tangu utoto wake alikuwa ameota kukagua machinjio na mifereji ya maji machafu. Lakini alipokwisha kuingia hakusoma kwa kinyongo. Alijitia katika masomo, na katika midahalo, na katika uongozi wa wanafunzi, hata wenzake wakamchagua kuwa kiongozi wao. Mwaka wa 1950 akamaliza, na baada ya hapo akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi.

BWANA AFYA WA NAIROBI

Kazi yake ya kwanza ilimfundisha mengi ambayo hayakuwamo vitabuni. Wakati ule serikali ilikuwa ya Waingereza, na watu walilipwa kwa rangi zao. Bwana afya Mwafrika alipata mshahara mdogo sana kuliko bwana afya Mzungu, ingawa kazi waliyoifanya ilikuwa moja. Liko tukio alilolieleza mwenyewe baadaye, nalo limejulikana sana. Siku moja alikuwa peke yake ofisini, ndipo akaingia bibi mmoja wa Kizungu aliyeleta maziwa yapimwe. Bibi yule alitazama huku na huku, akauliza kama hapakuwa na mtu, na hali Bwana Mboya yuko mbele yake amevaa nguo zake za kazi. Bwana Mboya akamwuliza kama macho yake yalikuwa na kasoro yoyote. Yule bibi alikasirika sana.

Mambo kama hayo yalimfanya atafute njia ya kuwatetea wafanyakazi wenzake. Alianza kwa kuongoza chama cha wafanyakazi Waafrika wa Baraza la Jiji, kisha chama hicho kikageuzwa kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa za Kenya. Hapa ndipo lugha zake nyingi zilipomfaa, kwa sababu aliweza kusema na Mkamba, Mkikuyu, Mjaluo na mtu wa pwani bila mkalimani. Mwaka wa 1953, akiwa na umri wa miaka 23 tu, alichaguliwa kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Kenya. Ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, viongozi wengi wa siasa wamekwisha kufungwa, na sauti ya vyama vya wafanyakazi ikawa ni miongoni mwa sauti chache za Waafrika zilizoweza bado kusikika. Mwaka wa 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, yeye ndiye aliyekwenda kupatanisha, na wafanyakazi wakapata nyongeza ya mishahara.

Jambo ambalo napenda wanafunzi wenzangu wasilisahau ni kwamba katika miaka hiyo yote hakuacha kusoma. Alijiandikisha kusoma kwa barua, akawa anasoma usiku baada ya kazi. Mlango wa shule ulifungwa mwaka wa 1947, lakini yeye hakuuona kuwa ndio mlango wa mwisho.

RUSKIN, CHUO CHA WAFANYAKAZI

Mwaka wa 1955 alipata msaada wa masomo kutoka kwa vyama vya wafanyakazi vya Uingereza, akaenda kusoma mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, katika mji wa Oxford. Yafaa nieleze chuo hiki kilikuwa cha namna gani, kwa maana watu wakisikia jina la Oxford hudhani kwamba aliingia katika kile chuo kikuu cha zamani kinachochagua wenye alama za juu. Ruskin ni chuo mbali. Kilianzishwa mwaka wa 1899 kwa ajili ya watu wazima wafanyao kazi ambao hawakupata bahati ya kusoma sana utotoni. Hakikutazama vyeti vya shule peke yake, bali kazi ambayo mtu amekwisha kuifanya na akili aliyoionyesha katika kazi hiyo.

Kwa hiyo Bwana Mboya hakukataliwa kwa kukosa cheti cha Cambridge. Aliingia kwa cheti cha kazi yake. Laiti asingalikuwa bwana afya, asingalikuwa kiongozi wa wafanyakazi. Na laiti asingalikuwa kiongozi wa wafanyakazi, Ruskin isingalimjua. Chuo kidogo cha Kabete ndicho kilichomfungulia njia ya kwenda Ulaya. Huko alisoma mambo ya uchumi, siasa na uhusiano wa wafanyakazi na waajiri wao. Mwaka wa 1956 akamaliza, akazuru Marekani, kisha akarejea nyumbani.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, na Bwana Mboya alichaguliwa kuwa mjumbe wa Nairobi. Desemba 1958 aliongoza mkutano mkuu wa watu wa Afrika nzima uliofanyika Accra, Ghana, naye alikuwa na umri wa miaka 28 tu.

ALIVYOWATAFUTIA WENGINE VYUO

Sasa nafika mahali ambapo habari za Bwana Mboya zinatuhusu zaidi sisi tunaojaza fomu.

Katika miaka ile vijana wengi wa Kenya, Uganda na Tanganyika walikuwa wamemaliza sekondari, lakini nafasi za Makerere zilikuwa chache sana. Tanganyika haikuwa na chuo kikuu chake hata Oktoba 1961, kilipofunguliwa cha Dar es Salaam kwa wanafunzi wachache wa sheria. Kwenda Uingereza kulihitaji alama za juu na fedha nyingi. Basi kijana mwenye alama za wastani, hata awe na bidii namna gani, alikuwa hana pa kwenda. Na nchi zilikuwa zinakaribia uhuru, nazo zilihitaji waalimu, wahasibu, waganga na wataalamu wa kilimo.

Bwana Mboya aliona katika safari zake kwamba Marekani iko namna nyingine. Huko vyuo ni vingi mno. Viko vikubwa vyenye sifa duniani, lakini viko pia vidogo vingi katika miji midogo, vingine vya madhehebu ya dini, vingine vya watu weusi, vingine vya wanawake. Vyuo hivyo vidogo vilikuwa tayari kumpokea kijana wa Afrika aliyemaliza sekondari bila kuwa wa kwanza darasani, na vingine vilikuwa tayari kumsamehe ada. Kilichokosekana kilikuwa nauli. Tikiti ya eropleni ilikuwa ghali kupita uwezo wa mkulima yeyote.

Kwa hiyo mwaka wa 1959 alizunguka Marekani akihutubia watu na kuomba nafasi za masomo na fedha za nauli. Rafiki yake mfanyabiashara, William Scheinman, alimsaidia sana, na ikaundwa jumuiya ya kuwasaidia wanafunzi wa Kiafrika. Waliotia sahihi barua za kuomba fedha ni watu mashuhuri: Jackie Robinson aliyekuwa mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte mwimbaji, na Sidney Poitier mchezaji wa sinema. Septemba 1959 eropleni iliyokodiwa ilichukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi mpaka New York. Mwaka wa 1960 haja ilikuwa kubwa zaidi, wanafunzi wa Tanganyika, Uganda na nchi nyingine wakaingizwa pia, na fedha zikawa hazitoshi. Bwana Mboya akaenda kumwona Seneta John Kennedy, na mfuko wa ukoo wa Kennedy ukatoa dola 100,000. Hata ilipofika mwaka wa 1963, wanafunzi waliosafirishwa kwa mpango huo walikuwa mamia kadhaa.

Mpango huu haukupendwa na wote. Wakubwa wa serikali ya kikoloni, na baadhi ya watu wa elimu, walinung'unika kwamba vijana wale hawakuwa na sifa za kutosha, na kwamba vyuo walivyokwenda vilikuwa hafifu. Neno hilo lilikuwa na ukweli kidogo ndani yake, kwa maana vyuo havikuwa sawa, na wanafunzi wengine walipata taabu ya fedha na ya baridi, ikawabidi kufanya kazi za mikono huku wakisoma. Lakini wenye kunung'unika walisahau kuuliza swali moja: vijana wale wasingalikwenda huko, wangalikwenda wapi? Kwa wengi jibu lilikuwa hakuna. Bwana Mboya, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amesomea ubwana afya kwa kukosa ada, alilijua jibu hilo vizuri kuliko wao.

Na matokeo yake yalionekana. Mmoja wa waliokwenda mwaka wa 1960 alikuwa Wangari Maathai. Hakupelekwa katika chuo chenye jina kubwa, bali katika chuo kidogo cha masista wa Kikatoliki kilichoitwa Mount St. Scholastica, katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas. Alipata shahada yake huko mwaka wa 1964, ya pili akaipata Pittsburgh, na mwaka wa 1971 akapata udaktari wa falsafa Nairobi. Mwaka wa 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel kwa kazi yake ya kupanda miti na kutetea haki. Sisemi kwamba yeye alikuwa mwanafunzi wa wastani; alikuwa hodari tangu sekondari. Nasema kwamba udogo wa chuo haukumzuia. Hata Bibi Pamela Odede, ambaye Bwana Mboya alimwoa Januari 1962, alikuwa miongoni mwa waliosafiri mwaka wa 1959, naye alisoma katika chuo cha wanawake cha Western, jimbo la Ohio.

UWAZIRI NA KIFO CHAKE

Kenya ilipokaribia uhuru, Bwana Mboya alikuwa katibu mkuu wa chama cha KANU, kilichoundwa mwaka wa 1960. Alikuwa Waziri wa Kazi mwaka wa 1962, kisha Waziri wa Sheria na Mambo ya Katiba, na tangu mwisho wa 1964 Waziri wa Mipango na Maendeleo ya Uchumi. Mtu ambaye hakupata kuwa na shahada ya chuo kikuu akawa anaongoza wataalamu wenye shahada, na waraka wa serikali wa mwaka wa 1965 juu ya ujamaa wa Kiafrika na mipango ya Kenya uliandaliwa chini ya uongozi wake.

Kwa masikitiko, maisha yake yalikatizwa mapema. Siku ya Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, alipigwa risasi mchana alipokuwa akitoka katika duka la dawa katikati ya Nairobi, akafa, akiwa hajatimiza miaka 39. Mtu mmoja alishtakiwa na kuhukumiwa kifo. Msiba huo ulileta machafuko na uchungu mwingi katika Kenya. Alizikwa kisiwani Rusinga, kwa wazee wake. Mjini Nairobi iko barabara yenye jina lake, na mwaka wa 2011 sanamu yake ilisimamishwa karibu na mahali alipouawa.

FUNZO KWETU

Wasomaji wapenzi, nimesimulia kwa urefu ili tupate kuona jinsi mtu huyu alivyochagua. Naona kwamba alipima mambo manne.

Kwanza, alipima alichokuwa nacho mkononi, wala hakupima alichokitamani. Alikuwa na mtihani wa miaka miwili ya sekondari, basi akatafuta chuo kinachopokea elimu hiyo. Sisi nasi yatupasa kufanya hivyo. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, na la nne 26 hadi 33. Kidato cha Tano huhitaji angalau alama C katika masomo matatu. Vyuo vingi vya kati hupokea mwenye alama D katika masomo manne yasiyo ya dini, ila vyuo vya afya hutaka na masomo ya sayansi, kama Kemia na Baiolojia. Mambo haya yameandikwa katika kitabu cha mwongozo kinachotolewa kila mwaka na baraza la NACTVET, na mwalimu wa taaluma ataweza kutuonyesha. Mwanafunzi asiyekisoma kitabu hicho anachagua gizani.

Pili, alipima mfuko wa baba yake. Hili ni jambo ambalo sisi wanafunzi hatulipendi kulitaja. Lakini wazazi wetu wengi hapa bondeni wanategemea mpunga, mtama na mifugo, na mvua ikikosekana mwaka mmoja, ada nayo hukosekana. Chuo cha serikali kisicho na jina kubwa huweza kuwa na ada nafuu kuliko cha mtu binafsi chenye majengo mazuri na matangazo mengi. Mzazi na mtoto wakae pamoja, wahesabu ada, chakula, malazi, nauli na vifaa, kwa miaka yote ya masomo wala si mwaka wa kwanza tu. Kuanza na kuacha katikati ni hasara mara mbili.

Tatu, alipima kazi iliyopo mwisho wa njia. Alichagua ubwana afya kwa kuwa miji ilikuwa inauhitaji. Sisi nasi tutazame ni kazi gani zinahitajika. Mkoa wetu wa Singida una chuo cha ufundi cha VETA. Mpwapwa, katika mkoa jirani wa Dodoma, wapo wanaofundishwa kazi ileile ya afya ya mazingira aliyoisomea Bwana Mboya. Viko vyuo vya kilimo na mifugo, na vyuo vya maendeleo ya wananchi. Fundi umeme, bwana mifugo na bwana afya hawakosi watu wa kuwahudumia katika vijiji vyetu.

Nne, alichagua chuo ambacho hakikumfungia njia ya mbele. Siku hizi njia hiyo iko wazi zaidi kuliko zamani zake. Anayeanza na cheti huweza kuendelea na stashahada, na mwenye stashahada ya wastani wa 3.0 au zaidi huweza kuomba nafasi ya shahada katika chuo kikuu. Kwa hiyo njia ya chuo cha kati ni ndefu kidogo, lakini inafika.

Mimi mwenyewe katika mtihani wa majaribio nilipata daraja la tatu, pointi 24, yaani C nne na D tatu. Alama hizo si mbaya, wala si za kujivunia. Katika C hizo zimo Historia, Jiografia na Kiswahili, kwa hiyo nimeweka Kidato cha Tano mbele. Lakini katika fomu yangu nimeweka pia chuo cha afya ya mazingira, kwa kuwa Baiolojia na Kemia nimezifaulu, na kama yote hayo yatashindikana, VETA. Nilimweleza baba mpango huo siku ya wazazi kutembelea shule, naye akaniuliza mambo mawili tu: gharama zake, na kama nitakipenda. La kwanza nilimjibu kwa karatasi yenye hesabu. La pili nilimjibu kwamba bwana afya anayekagua kisima cha kijiji huwaokoa watoto na kuhara, na kazi hiyo naweza kuipenda.

Wako wenzangu wanaosema kwamba kutaja chuo kidogo ni kujidharau, na kwamba mtu alenge juu ili akikosa apate cha chini. Mimi sioni ubaya wa kulenga juu katika nafasi ya kwanza. Ubaya ni kujaza nafasi zote kwa vyuo vya juu, kisha majina yatoke na wewe humo huna, na mwaka mzima upite umekaa kijiweni. Wahenga wamesema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bwana Mboya aliinama Kabete, wala hakubaki ameinama.

Basi nawaomba wenzangu wa Kidato cha Nne tusome mwongozo kabla ya fomu kufungwa, tuulize walimu, tukae na wazazi. Na ninyi wadogo zetu wa Kidato cha Pili na cha Tatu, alama mnazozipata leo ndizo mtakazozipima kesho, kwa hiyo anzeni mapema. Nawatakia nyote mitihani mema na uchaguzi mwema.

Wenu mtiifu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Kintinku.